Shajara ya mradi: ghala moja la bakapu kwa seva nne, Nyakato hadi Kirumba

Hali ilivyokuwa: seva nne za kampuni ya samaki hapa Nyakato, Mwanza, kila moja na diski yake ya nje ya USB, imechomekwa usiku na mchana, nyingine imewekwa juu ya seva yenyewe. Radi ikipiga au mwizi akivunja mlango, bakapu inaondoka pamoja na kilichobakapiwa. Lengo ni hifadhi moja ya mtandao kwa seva zote, ndani ya jengo lingine, na nakala ya pili nje ya Nyakato kabisa.

Majina yatakayotumika humu: sato (Windows Server, uhasibu na mishahara), sangara (Proxmox, mashine pepe), dagaa (faili za ofisi kwa Samba) na furu (hifadhidata ya PostgreSQL, data za mizani na halijoto za vyumba vya baridi). Hifadhi mpya inaitwa ghala, na mashine ya ofisi yetu ya Kirumba, ya kushika nakala ya pili, ni kamongo. Majina yamewakaa: sangara ndiye anayemaliza nafasi kuliko wote, na kamongo ni samaki anayeishi hata maji yakikauka.

Desemba: umbo la mfumo

Mapendekezo yalikuwa matatu.

La kwanza lilikuwa folda moja ya mtandao inayofunguliwa na seva zote. Lilikataliwa mapema. Virusi vinavyofunga faili ili mwenyewe adaiwe pesa huandika popote seva iliyoambukizwa inapoweza kuandika. Kwa folda ya pamoja, seva moja ikiingiliwa bakapu za zote nne zimekwenda.

La pili lilikuwa iSCSI: ghala litoe diski moja kubwa ya mtandao, na kila seva iione kama diski yake. Hili hupendekezwa mara nyingi, na ni baya zaidi. iSCSI, inayotumia bandari 3260, haitoi faili. Inatoa bloku tupu. Mifumo ya faili ya NTFS (Windows) na ext4 (Linux) imeundwa zikiamini kuwa kompyuta moja tu ndiyo inayogusa diski. Seva mbili zikipachika (mount) diski hiyohiyo, kila moja inashika kwenye RAM kumbukumbu yake ya wapi pako wazi. Ya kwanza inaandika mahali fulani, ya pili haina habari, inaandika palepale. Siku hiyo hakuna ujumbe wowote wa hitilafu. Unakuja kugundua siku ya kurejesha, ukiwa umechelewa. Kwa iSCSI, diski moja iwe ya seva moja. La sivyo uweke mfumo wa faili wa klasta kama GFS2 au OCFS2, ambao kwa kazi ya bakapu ni kujitafutia kazi.

Lililopitishwa ni la tatu: seva zichangie diski, zisichangie milango. Ghala lina kundi moja la diski chini ya ZFS (mfumo wa faili unaosimamia diski nyingi kwa pamoja), na ndani yake kila seva ina dataset yake (sehemu iliyotengwa), kwota yake (kikomo cha nafasi), akaunti yake na itifaki inayoifaa. Hakuna seva inayosoma cha mwenzake, na hakuna inayoweza kufuta historia yake yenyewe. Kufuta kwa kweli hufanyika kwenye ghala tu. Maamuzi karibu yote ya miezi iliyofuata yalitoka hapo.

Januari: vifaa

Mashine ya nafasi nane za diski, RAM ya ECC (inayojisahihisha makosa) GB 32, diski sita za TB 8, na SSD mbili ndogo kwa mfumo wa uendeshaji. Diski sita ziko kwenye RAIDZ2, kwa hiyo mbili zinaweza kufa kwa pamoja bila data kupotea. Nafasi inayobaki ni diski nne, TB 32, ambazo ZFS inazihesabu karibu TiB 29. ZFS ikijaa sana inakuwa nzito kwa sababu haiandiki juu ya bloku ya zamani, daima inatafuta mpya. Tumepanga kutovuka asilimia 80, yaani kama TiB 23. Kwota tulizogawa: dagaa 8, sangara 8, sato 2, furu 2.

Ukinunua diski madukani, uliza kama ni CMR (njia za kuandika hazipandani) au SMR, na usiridhike na jibu la mdomo. Tafuta namba ya modeli kwenye karatasi ya mtengenezaji. Diski ya SMR inaandika njia zikipandana kama vigae, kwa hiyo kubadilisha sehemu ndogo kunailazimu iandike upya ukanda mzima. Kwa kuhifadhi picha haina neno. Ndani ya RAIDZ ni balaa: diski moja ikifa na nyingine ikaanza kujengwa upya, uandishi unashuka hadi kazi ya saa kadhaa inakuwa ya siku nyingi, na siku hizo zote kundi liko pungufu.

Amri ya kuunda:

`zpool create -o ashift=12 ghala raidz2 /dev/disk/by-id/...`

Majina ni ya by-id, si sda na sdb, maana hayo hubadilika mashine ikiwashwa upya. Kila diski imebandikwa karatasi yenye tarakimu nne za mwisho za namba yake, upande unaoonekana bila kuichomoa. Siku ya kutoa diski mbovu, kuchomoa nzima kimakosa ndiyo hatari kubwa.

Februari: mtandao na radi

Ghala liko stoo ya nyuma, mita kama 70 kutoka chumba cha seva, ili moto wa jengo moja usile vyote. Kebo ya shaba ya Cat6 ingefika bila shida. Lakini kebo ya shaba inayounganisha majengo mawili ni njia ya umeme wa radi kutoka ardhi ya jengo moja kwenda ya jengo lingine, na inapita kwenye bandari ya swichi. Tukaweka fiba ya OM3 na moduli za SFP+ SR za Gbit 10, ambazo kwa OM3 zinafika mita 300. Kebo iwe isiyo na ala ya chuma, la sivyo umerudisha shaba kwa mlango wa nyuma.

Radi ya ziwani ina ratiba. Mchana mawingu hujengeka zaidi nchi kavu; usiku pepo za kutoka nchi kavu hukutana juu ya maji ya Ziwa Victoria, na ngurumo hushamiri ziwani kati ya usiku wa manane na alfajiri. Ni saa zilezile ambazo bakapu zote hupenda kukimbia. Kazi zetu zinaanza saa 4 usiku, kwenye cron (ratiba ya kazi ya Linux) inaandikwa 22:00, na zilizo kubwa zinatakiwa ziwe zimekwisha kabla ya saa 9 usiku.

Seva zimeunganishwa kwa Gbit 1 kila moja, ghala kwa Gbit 10. Kwa hiyo seva zote nne zinaweza kutuma kwa kasi yake kamili bila kugombania waya. Gbit 1 kwa uhalisia ni MB 110 kwa sekunde. TB 2.2 za dagaa kwa mara ya kwanza ni saa tano na nusu, TB 1.4 za sangara ni saa tatu na nusu. Nakala za kwanza ziliachiwa wikiendi.

Mtandao wa bakapu uko kwenye VLAN yake (mtandao uliotengwa ndani ya swichi zilezile), 10.20.30.0/24, bila njia ya kutoka intaneti. Kompyuta za ofisi hazilioni ghala kabisa.

Fremu kubwa za MTU 9000 (pakiti za baiti 9000 badala ya 1500) zilijaribiwa, zikaondolewa. Dalili ni ya kupoteza watu: ping ya kawaida inapita, SSH inaingia, lakini ukituma faili kila kitu kinaganda. Ni bandari moja kwenye njia iliyobaki 1500. Kipimo chake:

`ping -M do -s 8972 10.20.30.10`

8972 ni 9000 ukitoa baiti 20 za IP na 8 za ICMP. Kama hiyo haipiti na `-s 1472` inapita, tatizo umelipata. Kwa Gbit 1 faida yenyewe ni ndogo mno, na kila swichi mpya atakayoileta fundi mwingine ni mtego mpya. Zote zimebaki 1500.

Machi: kila seva na mlango wake

*dagaa na furu: Borg kwa SSH.* Borg ni programu ya bakapu. Kila seva ina hazina yake, yaani folda ambamo Borg inaweka bakapu. Hazina moja kwa seva zote ingeokoa nafasi kidogo kwa faili zinazofanana, lakini Borg hufunga hazina wakati wa kuandika, hivyo seva zingepanga foleni, na kila moja ingelazimika kujenga kashe upya baada ya mwenzake kuandika. Kwenye ghala, mstari wa authorized_keys wa dagaa ni huu:

`command="borg serve --append-only --restrict-to-repository /ghala/bakapu/dagaa/borg",restrict ssh-ed25519 ...`

Ufunguo huo hauwezi kufungua shell wala kwenda folda nyingine. Hali ya append-only (kuongeza tu) ina jambo moja linalowaponyoka wengi: mvamizi akitoa amri ya kufuta, Borg inaikubali na orodha inaonekana tupu, ila data bado ipo. Inaondoka kweli pale msimamizi anapoendesha `borg compact` kutoka ghala bila kizuizi hicho. Kwa hiyo kabla ya compact, lazima `borg list` isomwe na idadi ilingane na ya wiki iliyopita. Tumeiweka kuwa kazi ya mtu, haimo kwenye cron.

furu hainakiliwi faili za PostgreSQL zikiwa hai. Kwanza `pg_dump -Fc` kwenye diski ya ndani, kisha Borg inachukua faili hilo.

*sangara: NFS.* Hii ni njia ya Linux ya kugawa folda kwa mtandao. Proxmox inaandika kama root, na NFS kwa kawaida humgeuza root kuwa mtu asiye na haki, kwa hiyo utaona "Permission denied" hata ukitoa rw. Watu wengi hukimbilia no_root_squash, na hapo umempa root wa sangara uwezo wa root juu ya faili zote za dataset hiyo. Tumetumia:

`/ghala/bakapu/sangara 10.20.30.12(rw,sync,no_subtree_check,all_squash,anonuid=5012,anongid=5012,mp)`

Hiyo `mp` mwishoni ni fupi lakini ni ya muhimu. Sababu yake inakuja kwenye sehemu ya Aprili, ya umeme.

Upande wa sangara, upachikaji ni `hard`. Kwa `soft`, ghala likichelewa kujibu programu inarudishiwa kosa katikati ya kuandika, na si kila programu inalijali. Faili linabaki limekatika huku ripoti ikisema sawa. Gharama ya `hard` ni kwamba ghala likizimwa, hata `df` inaganda. Gharama hiyo tumeikubali.

Kuna mtego mwingine kwenye seva yoyote ya Linux inayotumia NFS. Hifadhi isipopachikwa, ile folda tupu bado ipo kwenye diski ya ndani, na script inaandika humo kwa furaha hadi diski ya mfumo ijae. Dawa ni mbili pamoja: `chattr +i` kwenye folda kabla ya kupachika, na `mountpoint -q` mwanzoni mwa script.

*sato: SMB, njia ya Windows ya kugawa folda.* Akaunti yake iko kwenye ghala peke yake, haimo kwenye domeni, na itifaki ya chini kabisa ni SMB3. Windows Server Backup ikielekezwa kwenye folda ya mtandao huweka toleo moja tu; la leo linafuta la jana. Historia inashikwa na snapshoti za ZFS (hali ya faili iliyogandishwa kwa wakati fulani). Lakini kila toleo ni picha nzima, GB 300. Kuipiga kila usiku na kushika snapshoti 14 kungekula zaidi ya TB 4 kwenye kwota ya 2. Picha inapigwa Jumapili tu, zinashikwa tatu. Kila usiku SQL Server inatoa faili lake la .bak lililobanwa, na hilo linakwenda dataset ndogo ya pembeni.

*Kwota.* Ndani ya ZFS kuna `quota` na `refquota`. Ya kwanza inahesabu snapshoti, ya pili inahesabu faili zilizo hai tu. Ukiweka `quota` peke yake, seva ikifuta bakapu za zamani nafasi hairudi kwa sababu snapshoti bado zinazishika, na ikijaa kabisa hata kufuta kunaweza kukataliwa. Mfano ni sangara: bakapu ikibanwa kwa zstd inakuwa TB 0.7, inapigwa mara mbili kwa wiki, zinabaki nne, jumla TB 2.8. Snapshoti za siku 14 zinashika nyingine nne zilizokwisha kufutwa, jumla TB 5.6. Kwa hiyo `refquota=4T`, `quota=8T`.

Snapshoti zinapigwa saa 12 asubuhi, kazi zote zikiwa zimekwisha. Snapshoti iliyopigwa katikati ya picha ya Windows inahifadhi faili bovu kwa uaminifu mkubwa.

Aprili: umeme

Dataset ya ghala/bakapu imesimbwa kwa `aes-256-gcm` na nywila. Mishahara ya wafanyakazi imo humo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamtaka anayeshika taarifa hizo azilinde. Sasa umeme ukikatika hadi UPS ikaisha, kisha ukarudi usiku, ghala linawaka lenyewe bila nywila. Dataset haipachikwi. Folda tupu za `/ghala/bakapu` zinaweza kubaki nje ya dataset iliyosimbwa, na NFS ya kawaida ingezitangaza hivyohivyo. Borg yenyewe ingelalamika kwamba hazina haipo. Vzdump ya sangara (programu ya bakapu ya Proxmox) isingelalamika, ingeandika humohumo. `mp` ndiyo inayozuia: folda isipokuwa imepachikwa, haitangazwi. Kwa Samba tumeweka `root preexec = mountpoint -q /ghala/bakapu/sato` pamoja na `root preexec close = yes`.

Asubuhi mtu anaingia, `zfs load-key -r ghala/bakapu`, `zfs mount -a`, `exportfs -ra`. Nywila iko kwenye bahasha mbili, sehemu mbili, na hakuna iliyopo stoo.

UPS ya chumba cha seva inasomwa kwa NUT (programu ya kusoma hali ya UPS). Kila script kabla ya kuanza inauliza:

`upsc ups@10.20.30.2 ups.status`

Jibu likiwa OL (umeme upo), endelea. Likiwa OB (iko kwenye betri), ahirisha kwa dakika 30. Jenereta ikishika mzigo volti hucheza, na UPS ndogo hukataa umeme wake na kubaki kwenye betri huku taa za ofisi zinawaka. Ukiona OB mfululizo wakati jenereta inanguruma, angalia kiwango cha unyeti cha UPS kabla ya kulaumu betri.

Borg ikikatwa katikati haipotezi yote. Kwa kawaida inaweka alama kila dakika 30. Vzdump ikikatwa inaanza upya.

Joto: smartd (programu inayosoma afya ya diski) imewekwa `-W 4,45,50`, inaandika taarifa diski ikifika nyuzi 45 na onyo ikifika 50. Adui wa feni huku si vumbi peke yake. Karibu na mwezi mwandamo wale wadudu wadogo wa ziwani hutoka kwa makundi na kufuata taa. Taa ya nje iliyokuwa juu ya tundu la hewa la stoo imehamishwa, na tundu limewekewa wavu wa mbu tabaka mbili. Wavu ukizibwa joto linapanda. Unapigwa brashi kila wiki.

Mei: Kirumba

Laini kati ya ofisi mbili ni Mbit 20, yaani MB 2.5 kwa sekunde, GB 9 kwa saa. Usiku wa saa nane ni GB 72. Mabadiliko ya kila siku ya dagaa, furu na .bak ya sato yanaingia humo bila kusongamana. Nakala ya kwanza isingeingia: TB 4 kwa kasi hiyo ni siku 18 na ushee, laini ikiwa haijakatika hata mara moja. kamongo alijazwa akiwa amekaa kando ya ghala, kisha akapakiwa kwenye gari kwenda Kirumba, diski zimetolewa na kufungwa kila moja na sponji yake.

kamongo ndiye anayevuta. Ghala halina ufunguo wa kuingia kwake. Akiharibiwa mmoja, mwingine hafikiwi kwa njia hiyo. Amri ni `zfs send -w -i`, na hiyo `-w` inapeleka bloku zikiwa bado zimesimbwa, hivyo kamongo hana nywila na wala haihitaji. Upokeaji ni `zfs receive -s`: laini ikikatika, kamongo anabaki na tokeni, na `zfs send -t` inaendelea ilipoishia.

Bakapu za sangara haziendi kwa laini. TB 0.7 kwa mpigo haziwezi. Zinakwenda kwa diski mara moja kwa mwezi.

Juni: kurejesha

Kila seva ilirejeshwa kwenye mashine pepe iliyotengwa. Matokeo ni haya.

furu: data zote zilirudi, programu ikagoma kuingia. `pg_dump` haibebi watumiaji wa PostgreSQL. Imeongezwa `pg_dumpall --globals-only` kabla yake.

sato: ugonjwa uleule kwa sura ya Windows. Akaunti za kuingia SQL Server ziko ndani ya hifadhidata ya master, hazimo kwenye ile ya uhasibu. master sasa inatolewa .bak yake.

dagaa: faili zilirudi, haki za Samba hazikurudi, kwa sababu `borg extract` iliendeshwa na mtumiaji wa kawaida, naye haruhusiwi kuandika alama za security.NTACL. Ikiendeshwa na root zinarudi.

sangara: zimerudi zote bila tatizo.

Ufunguo wa Borg umechapwa kwa `borg key export --paper` na kuwekwa Kirumba, pamoja na bahasha ya nywila ya ZFS. Bila hivyo viwili kamongo ana diski zilizojaa na hakuna wa kuzisoma.

Linalofuata

sangara kuhamia Proxmox Backup Server kwenye ghala hilohilo, ili mabadiliko tu ndiyo yaandikwe na laini ya Kirumba iweze kuyabeba. Dataset yake iundwe na `atime=on` na `relatime=on`: usafishaji wake unatambua vipande vinavyotumika kwa muda wa kuguswa mara ya mwisho, na hauondoi kipande kilichoguswa ndani ya saa 24 na dakika 5. Kwa hiyo ukifuta bakapu leo, usitegemee nafasi irudi leo.